Paa Lisilovuja

Kifungu cha arobaini na saba, sehemu ya nane: Ukarabati wa Paa, Mifereji na Uzio. Hebu kisome tena. Umeona kope zinavyokuwa nzito? Basi aliyekiandika alikusudia hivyo hivyo, na kwa miaka tisa alifanikiwa, kwa sababu hakuna mbunge aliyewahi kuamka asubuhi akiwa na hamu ya kugombana na mifereji.

Aliyekiandika alikuwa afisa bajeti wa Wakala wa Anga, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye ofisini walimwita Mama Vifungu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau kwamba alikasirika, na kila siku alitafuta kalamu ambayo alikuwa ameichomeka mwenyewe kwenye nywele. Alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakifundishwi chuo chochote. Alijua kukipa kitu jina la kuchosha.

Hakuanza hivyo, jamani, tusimwonee. Miaka kumi nyuma aliandika ukweli mtupu: fedha za kujenga kisanduku cha kuchunguza mawe yanayozunguka jua. Akavaa gauni lake zuri, akaenda kukaa kwenye viti vya wageni bungeni, ajionee. Mbunge wa kwanza alisimama akauliza kama huko juu kuna wapiga kura. Wa pili akasema watu wake hawana choo, na hawa mabwana wanataka kwenda kujisaidia kwenye nyota. Bunge zima likapiga meza kwa kicheko. Kesho yake gazeti likachora mbuzi aliyevaa sufuria kichwani, amepanda roketi iliyofungwa kwa kamba. Fedha zote zikakatwa. Mama Vifungu alirudi nyumbani akalia mpaka mumewe akazima redio, na mumewe si mtu wa kuzima redio hivi hivi.

Mwaka uliofuata kisanduku kiliingia tena bajetini, safari hii kikiwa kimejificha chini ya paa. Mkurugenzi wa wakati ule alisoma ukurasa, akamtazama kwa juu ya miwani, akasaini. "Paa ni jambo muhimu," alisema, na hakusema zaidi mpaka alipostaafu. Wakurugenzi wawili waliomfuata hawakuuliza. Nani aulize habari za mifereji?

Kwa hela hiyo ya paa kisanduku kilijengwa, kidogo tu, ungeweza kukibeba kwapani. Kikapewa lifti kwenye chombo kikubwa cha mataifa yenye uwezo, na makubaliano yalikuwa mafupi: lifti mtapata, lakini kila mtu atasikiliza cha kwake. Kikaondoka. Kwa miaka saba kilikuwa njiani kuelekea kwenye jiwe moja huko mbali, na mara tatu kwa wiki, saa nne asubuhi, mzee wa mitambo waliyemwita Fundi Sahani aliigeuza sahani kubwa ya kunasia mawimbi iliyo kwenye kilima nyuma ya ofisi, akaketi mbele ya mtambo, akasikiliza. Mtambo ulitoa sauti: tii, halafu kimya, halafu tii. Fundi Sahani akafungua daftari na kuandika neno moja: "Mzima."

Sasa safari ilikuwa inafika mwisho. Mwezi wa nne wa mwaka mpya wa fedha kisanduku kingeachana na chombo kilichokibeba, kingetua juu ya lile jiwe, na kwa siku kumi na moja kingeeleza jiwe lile limeumbwa na nini. Kisha betri ingekufa. Siku kumi na moja, mara moja tu, basi. Asiyesikia siku hizo hatasikia tena. Na kusikiliza mchana kutwa kunataka umeme, na umeme ungelipwa na hela ya paa.

Ndipo Alhamisi moja Fundi Sahani akaingia ofisini kuomba karatasi za mashine, akamkuta Mama Vifungu amesimama katikati ya chumba ameshika waraka kutoka kamati ya bajeti, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua na hajui ni ipi.

"Limekatwa," akasema.

"Nini?"

"Paa."

"Paa gani?"

"Paa, Fundi! Paa letu!"

Fundi Sahani aliketi juu ya boksi la karatasi alizokuja kuziomba. Alikuwa mzee mrefu mwenye masikio makubwa, na wenzake hawakuacha kumtania kwamba masikio hayo yangetosha kazi bila sahani.

Mambo yalikuwa hivi. Kamati ilitafuta fedha za kuezeka upya wodi za wazazi, ambazo zilikuwa zinavuja nchi nzima, na hazina ikasema haina hata senti mpya. Kamati ikaona njia. Kila ofisi ya serikali iliyotengewa fedha za kukarabati paa, fedha hizo zihamie kwenye mapaa ya wodi. "Watumishi nao wavujiwe kidogo," mwenyekiti wa kamati alisema redioni, "wajue wenzao wanavyoishi." Watu wakashangilia barabarani. Hakuna aliyeiwinda anga safari hii, wala aliyeikumbuka. Walikuwa wanawinda mapaa. Mama Vifungu, na ujanja wake wote, alikuwa amekificha kisanduku mahali pale pale walipokuwa wanapekua.

"Si ungeandika hata mabomba," Fundi Sahani akasema.

"Mabomba walikata mwaka juzi, umesahau?"

"Basi mapazia."

"Fundi, usinichokoze nikakupiga na hii kalamu. Iko wapi kalamu yangu?"

Fundi Sahani akamwonyesha kichwani.

Na ungedhani makubwa yameisha. Bado. Mwenyekiti wa kamati, yule yule wa redioni, alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia bungeni miaka minne iliyopita, na bado alizungumza na mawaziri kana kwamba hawajakusanya madaftari.

Kila Jumamosi alasiri wifi mtu alikuja kumtazama mdogo wake. Alivua viatu mlangoni, akaweka miguu kwenye stuli, akaagiza chai kama yuko kwake. Mume wa Mama Vifungu alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, na kila alipowaona dada yake na mkewe wameketi pamoja, ghafla alikumbuka jokofu la mtu linalomsubiri. Jumamosi ile alikumbuka mapema zaidi.

Wifi alinywa funda moja, akaweka kikombe chini. "Wifi, chai ya leo ina sukari nyingi. Unataka nini?"

"Mimi? Nitake nini kwako? Mheshimiwa mzima huna hata muda wa kukata kucha."

"Kucha zangu ziache. Sema."

Mama Vifungu akaanza kwa mbali, akapitia hali ya hewa, akapitia bei ya vitabu vya shule, mwisho akatua. "Lile paa letu la wakala, wifi. Mngetuachia."

Wifi hakukasirika. Alishusha miguu kutoka kwenye stuli, na Mama Vifungu akajua kwamba sasa anazungumza kweli.

"Mwezi uliopita nilikuwa wodini, mvua inanyesha," akasema. "Mama mmoja kajifungua saa nne asubuhi. Kufika saa tano kitanda chake kimesukumwa mara tatu, kila kinapokwenda tone linakifuata. Mwisho muuguzi akachukua beseni, akalishika juu ya kichanga. Alisimama hivyo, hana wa kumsaidia. Nikampokea. Wifi, beseni lile likianza kujaa ni zito, wewe hujui. Unasema nitalimwaga, lakini ukiliondoa tu, mtoto analowa. Nilisimama pale na cheo changu chote, nikaogopa kusogea."

Mama Vifungu alikuwa mama wa watoto watatu, hakuhitaji kuchorewa picha. Ukweli ulimfika mpaka kwenye meno: wifi, si paa, ni kitu kingine, nisikilize nikueleze. Ungekuwa wakati mzuri. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, wanaopendana. Lakini hapo hapo akamkumbuka yule mbuzi mwenye sufuria, na kile kicheko cha kupiga meza, na mdomo ukajisemea wenyewe kwa mazoea ya miaka tisa.

"Na letu linavuja, wifi. Vibaya mno. Tena juu ya mitambo."

"Mitambo gani?"

"Ya fedha nyingi. Ikiloa, tumekwisha."

"Ala! Na ulikuwa umekaa kimya unanizungusha na bei za vitabu!" Wifi akachukua simu yake papo hapo. "Jumanne naileta kamati nzima. Tutaliona kwa macho. Likiwa linavuja juu ya mitambo, nakuachia, na atakayepinga atanijibu mimi."

Alipoondoka alimkumbatia. Mama Vifungu alibaki amesimama mlangoni, akijitukana kwa majina ambayo hayaandikiki.

Jumatatu asubuhi walikula njama, yeye na Fundi Sahani. Tuseme wazi tu, ilikuwa njama. Fundi atang'oa misumari sita, atalegeza mabati mawili, atamwaga ndoo mbili za maji juu ya dari, na kufika Jumanne dari itakuwa na madoa ya kutosha kumliza mtu. Mama Vifungu akashika ngazi. Mzee akapanda na nyundo mkononi na misumari ya akiba mdomoni.

"Hapa nikilegeza, maji yanaangukia mtambo wenyewe," sauti ikatoka juu.

"Sogea kule."

"Kule chini yake kuna nyaya."

"Basi pale mwisho."

"Pale ni choo."

"Choo pia ni chumba, Fundi! Legeza!"

Mama Vifungu alipoinua kichwa alimwona ameketi juu ya bati, magoti yamekunjwa, nyundo imelala kando.

"Mama Vifungu," akasema, na misumari alikuwa ameitoa mdomoni. "Hili paa halijapata hata senti moja tangu uliandike. Unajua hilo? Kila hela yake ilikwenda juu. Mimi ndiye niliyelipaka rangi. Mimi ndiye niliyelizibulia mifereji kila mwaka kabla ya mvua, kwa mkono wangu, ili pale chini pawe pakavu nisikilize vizuri. Niite mwoga ukitaka. Mimi kulitoboa siwezi."

Mama Vifungu alitaka kumfokea. Alifungua hata mdomo. Kisha akatazama mikono yake iliyokamata ngazi, na ikamjia picha ya wifi yake amesimama wodini na beseni juu ya mtoto wa mtu. Mwenzake anashika beseni ili mtoto asilowe, na yeye anashika ngazi ili paa zima livujishwe. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utoto, aibu ya kushikwa masikio.

"Shuka, Fundi," akasema. "Shuka taratibu, usije ukavunjika bure."

Jumanne saa nne kasoro kamati ikafika, watu tisa kwenye basi dogo. Wifi alikuwa amevaa viatu vya chini, tayari kupanda ngazi. Wakaingizwa kwenye chumba cha kusikilizia, ambacho si kikubwa, wakabanana pamoja na mtambo, meza, kiti kimoja na Fundi Sahani, ambaye alikuwa amechomekea shati kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nje sahani ilikuwa inageuka polepole. Ilikuwa saa yake.

"Nizime?" Fundi alimnong'oneza Mama Vifungu.

"Acha," naye akajibu.

Wifi aliinua uso, akaikagua dari kutoka pembe hadi pembe, kama alivyokuwa akikagua kucha za wanafunzi. Dari ilikuwa nyeupe pee, kavu kabisa.

"Haya. Linavujia wapi?"

Mama Vifungu akamgeukia. "Halivuji, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. "Halijawahi kuvuja. Hela ya paa siyo ya paa."

Na akaeleza. Hakueleza vizuri, alianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka mwaka mmoja mzima, lakini alieleza yote: kicheko, mbuzi, jina la kuchosha, kisanduku, jiwe, zile siku kumi na moja. Alipofika mwisho tu, mtambo ukatoa sauti. Tii.

"Hiyo ni nini?" akauliza mbunge mmoja mnene aliyesimama karibu na mlango.

"Ndicho chenyewe," Fundi Sahani akasema.

"Kinasema nini?"

"Kinasema kipo."

Tii, ikalia tena. Mbunge yule akatabasamu bila kutaka. Mwingine nyuma yake akasema, "Loh, kumbe paa lenyewe liko mbali namna hii!" na wote wakacheka, kasoro mwenyekiti wao. Yeye akawaomba wenzake wasubiri nje barazani. Fundi Sahani naye akatoka, bila kuombwa, na shati lake lililochomekewa.

Wakabaki wawili na ile sauti.

"Miaka minne," wifi akaanza, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kufoka. "Miaka minne nimesimama mbele ya bunge zima, nikasoma kwa mdomo wangu: paa, mifereji na uzio. Umenifanya mwongo, na hukuniambia hata kwamba nasema uongo."

"Wangecheka, wifi. Wangekikata tena."

"Akina nani?"

"Bunge."

"Waliocheka walikuwa wengine! Mimi mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tano, nagawa chaki. Mimi uliniuliza lini? Hebu niambie, Jumamosi ngapi nimekaa kwenye kiti chako, nimekunywa chai yako? Umeshanihesabu mjinga kabla sijafungua mdomo."

Mama Vifungu alikuwa ameanza kulia, na hakujificha. "Ungekubali?" akauliza. "Ningekwambia, ungekubali?"

Wifi akaugeukia mtambo. "Labda ningekataa," akasema. "Kwa lile beseni, ningekataa. Lakini ningekuwa nimekataa mimi, kwa akili yangu, na ningekutazama usoni. Hata hiyo nafasi ya kukataa uliniibia."

Miaka tisa Mama Vifungu alikuwa na majibu ya wakaguzi, ya wahasibu, ya wakurugenzi, yote kwenye jalada, lakini hilo hakuliandalia jibu. Wifi akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akasimama.

"Mimi nina undugu na wewe, kwa hiyo kifungu hiki sitakigusa. Makamu wangu atakiongoza," akasema. "Lakini kitaingia bungeni kwa jina lake. Na wewe ndiye utakayeliandika, kabla hawajakusimamisha kazi."

Ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho pale. Usidhani ilikuwa nyepesi. Aliketi mbele ya karatasi asubuhi nzima, na mkono ulikuwa unakimbilia wenyewe kwenye "uratibu", kwenye "uendeshaji", kwenye "gharama nyinginezo". Alifuta, akaandika, akafuta. Mwisho akaandika: Kukisikiliza kisanduku chetu kitakachofika kwenye jiwe, siku kumi na moja. Akalisoma kwa sauti. Lilikuwa jina ambalo mtu angeweza kulicheka, na mtu angeweza kulipenda, na kwa vyovyote mtu asingesinzia.

Mjadala aliusikiliza redioni, jikoni kwake, mumewe ameegemea mlango na hakukumbuka jokofu la mtu yeyote. Ulichukua karibu saa mbili. Walicheka, kwani waache? Yule mbuzi alitajwa mara mbili. Mbunge mmoja aliuliza faida yake ni nini, na hakupata jibu la kumridhisha, kwa sababu hakuna aliyejua. Mwingine akasema nchi isiyotaka kujua kitu isichoweza kukila itabaki inauliza bei ya unga mpaka mwisho wa dunia. Mama mmoja, mkunga wa zamani, alisema ameshika vichanga vilivyokufa kwa baridi, na asitokee mtu kumwambia habari ya jiwe. Mama Vifungu aliposikia hayo alipunguza sauti, kisha akaiongeza tena, kwa sababu aliona hana haki ya kuipunguza. Alitambua kwamba kwa miaka tisa alikuwa amewakinga hawa watu wasibishane, na kubishana kwenyewe ndiyo kazi waliyotumwa.

Mwisho wakagawana, kama wafanyavyo wabunge wote wakichoka na njaa imewashika. Nusu ya fedha ziende kwenye mabati ya wodi, nusu zibaki kwenye sahani. Fundi Sahani alipiga hesabu: sahani ile ikiwashwa mchana kutwa inakula umeme kama kijiji kizima, na nusu ile ilimtosha siku tano. Siku tano kati ya kumi na moja.

Mama Vifungu naye hawakumfukuza. Walimshusha cheo, wakamhamishia idara ya majengo ya afya, akawe mtu wa kuzunguka hospitalini kuhakikisha mabati yaliyolipiwa yamepigiliwa. Wifi aliapa kwamba hakuhusika na uhamisho huo, na Mama Vifungu hakumwamini hata kidogo. Kwa Jumamosi tano kile kiti kilikaa kitupu. Ya sita, viatu vikaonekana mlangoni. Wifi aliinywa chai bila sukari na hakusema chochote kuhusu anga, na Mama Vifungu hakuthubutu, lakini alikuja, na kuja kulitosha kwa siku ile.

Siku ya tano ya kisanduku juu ya jiwe ilimkuta wodini, katika hospitali moja ya wilaya, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nusu ya wodi ilikuwa na mabati mapya, mvua inapiga juu yake kwa kelele nzuri ya ukavu. Halafu mabati mapya yaliishia, na kuanzia pale hadi ukuta wa mwisho sakafu ilikuwa imejaa ndoo. Alisimama upande wa ndoo na karatasi zake, akihesabu mabati yaliyopungua, simu ilipoita.

"Nimekuwekea kwenye spika," Fundi Sahani akasema. "Saa sita nazima. Nimeona usikie na wewe."

Na ikaja. Haikuwa ile tii ya safari. Ilikuwa inakwenda mbio sasa, ndefu na fupi, ndefu na fupi, kama mtu mwenye mengi ya kusema na anayeona jua linazama. Mama Vifungu aliiweka simu mbele yake kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Simu yako imeharibika?"

Aliyeuliza alikuwa mama kijana kwenye kitanda cha karibu. Alikuwa na mtoto wa siku mbili mapajani, na kwa mkono wa kulia alikuwa ameinua beseni la plastiki juu ya mtoto. Tone liliingia ndani yake, na lingine.

Jibu la kuchosha lilikuwepo, tayari, kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo, imeharibika, pole kwa kelele. Mama Vifungu alilimeza.

"Haijaharibika," akasema. "Ni kitu chetu. Tulikipeleka mbali sana, juu kabisa, kwenye jiwe linalozunguka jua. Kinatueleza jiwe lile lina nini."

Mama kijana akamtazama kama anapima kama ni mzima. Kisha akaonekana ameamua kwamba ni mzima. "Mpaka lini?"

"Mpaka saa sita leo. Kingeweza siku sita zaidi, lakini hela ya kukisikiliza imekwisha."

"Hela yenyewe ilitoka wapi?"

Miaka tisa alikuwa amelikimbia swali hilo. Alilikimbia kwenye mifereji, akalikimbia kwenye uzio, na sasa limemkuta hapa, limeketi kitandani na mtoto mapajani.

"Ilikatwa katikati," akasema. "Nusu ilinunua mabati yale pale. Nusu ilikwenda kwenye hiki."

Mama kijana alitazama mabati mapya, mahali yalipoishia, vitanda vitatu kabla ya kitanda chake. Akatazama juu ya kichwa chake mwenyewe. Akahesabu bila kuhesabu.

"Kwa hiyo bati la hapa kwangu ndilo linalosikiliza hilo jiwe."

"Ndiyo," Mama Vifungu akasema. "Ndilo hilo."

Mvua iliendelea. Kwenye simu kisanduku kiliendelea kusema. Mama kijana akanyoosha mkono wa kushoto.

"Lete."

"Hukasiriki?"

"Nani kasema sikasiriki? Nimesema lete nisikie."

Kwa mkono mmoja asingeweza kuiweka sikioni na kumshika mtoto. Basi Mama Vifungu akampa simu, akaweka karatasi zake chini penye maji, na akalipokea beseni kwa mikono miwili, akaliinua juu ya kichanga. Mama kijana alifumba macho, akasikiliza, uso haukusema chochote. Maji yaliendelea kudondoka ndani ya beseni. Lilikuwa zito, kama alivyoambiwa, na saa sita ilikuwa bado.